Chachu Haijafa, Yaona Baridi Tu

Mwezi wa sita hapa Lubumbashi hakuna apendaye kuamka mapema. Mji wetu u juu, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika kiangazi usiku huwa na baridi kali; mara kwa mara kipimo cha joto hushuka chini ya digrii 10. Watoto huota moto penye mbabula kabla ya kwenda shule, na wazee hawayaachi mablanketi hata jua likiisha kupanda. Asubuhi moja ya namna hiyo tulikuwa tumemtembelea mama mmoja mwenyeji wa Katuba. Tulimkuta amesimama mlangoni, chupa ya kioo mkononi, uso umemshuka. Ndani ya chupa mlikuwa na unga wa ngano uliokorogwa kwa maji, umelala chini kimya kabisa, na juu yake yakaelea maji meusimeusi yenye harufu kali.

“Yaya,” akamwambia dada yake mkubwa, maana ndivyo tuwaitavyo hapa Katanga ndugu waliotutangulia kuzaliwa, “chachu yangu imekufa. Leo siku ya tatu haipandi. Naenda kuimwaga.”

Yaya hakujibu upesi. Aliitwaa chupa, akainusa, akauliza, “Usiku ililala wapi?”

“Dirishani, mahali pake pa siku zote.”

“Basi haijafa. Yaona baridi tu, tena ina njaa.”

Akayamwaga yale maji meusi, akachota kijiko kimoja tu cha ule ujiuji uliobaki, akautia katika chupa safi pamoja na unga mpya na maji ya vuguvugu. Akaizungushia kitenge kikuukuu, akaiweka hatua mbili kutoka penye mbabula. Tulipopita tena jioni, chupa ilikuwa imejaa mapovu hadi karibu na mdomo.

Twaieleza habari hii kwa sababu mama yule hakuwa anacheza. Kila Jumamosi huoka mikate na kuwauzia majirani, na fedha hiyo humsaidia kulipa sehemu ya karo ya mwanawe aliye sekondari. Laiti angaliimwaga chachu yake asubuhi ile, ingalimbidi kuanza upya na kungoja majuma mawili, au kununua hamira ya dukani kila juma. Tena unga wa ngano si kitu cha kuchezea kwetu: sehemu kubwa ya ngano ya nchi yetu hutoka ng'ambo, na wasomaji wetu hawajasahau jinsi bei ilivyopanda mwaka 2022 baada ya vita kuanza Ukraine. Yafaa basi tujue vema namna ya kukitunza kiumbe hiki kidogo.

Chachu ni nini?

Chachu ni unga na maji, basi. Hakuna dawa ya siri ndani yake. Ila katika unga mnaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, nao ni wa namna mbili. Wa kwanza ni hamira za asili, ambazo hula sukari ya unga na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo iinuayo donge na kulitoboa vitundu vitundu. Wa pili ni bakteria watiao ukali, jamaa zao wale wagandishao maziwa. Hao huutia mkate ladha yake, tena huufanya uchachu kuwa mkali hata vijidudu vingi vibaya vikashindwa kukaa humo. Mfaransa Louis Pasteur aliandika habari za bakteria wa uchachu mwaka 1857, lakini kina mama wa dunia walikuwa wamekwisha kuwafanyisha kazi kwa maelfu ya miaka pasipo kujua majina yao.

Kabla ya karne ya 19, wakati hamira ya viwanda ilipoanza kuenea, mikate ya kuumuliwa ilitegemea chachu ya namna hii, au povu la pombe. Yule mwanamke wa mfano wa Bwana wetu, aliyeificha chachu katika vipimo vitatu vya unga, hakununua kitu dukani; alikuwa na kipande cha donge la jana. (Vijana wa katekisimu hutuuliza mara nyingi kwa nini basi hostia haina chachu. Ni desturi ya Kanisa la Kilatini. Makanisa mengi ya Mashariki hutumia mkate uliotiwa chachu.)

Wengine watasema, “Hayo ni mambo ya Wazungu.” Sivyo. Nani katika Lubumbashi asiyeijua munkoyo? Mahindi hupikwa uji, uji hupozwa, kisha hutiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, ile iuzwayo kwa mafungu sokoni. Ni mizizi ya mimea ya porini, ambayo wengi wa wataalamu huiita Rhynchosia. Mzizi una vimeng'enya vya kuukata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Ndiyo maana uji mzito hulegea na kuwa mtamu baada ya saa chache. Kisha wanakuja bakteria wa uchachu. Munkoyo ya siku ya kwanza ni tamu, ya watoto. Ya siku ya pili ina ukali. Ikizidi kukaa, huanza kuwa na kilevi kidogo, na hapo wajomba huanza kuulizia habari za nyumba hiyo. Ndugu zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka, wanaijua vilevile. Nao Wahabeshi huteka maji ya manjano yanayoelea juu ya donge la injera, huyaita ersho, wakayaweka kwa ajili ya donge lijalo. Kwa hiyo mama wa Lubumbashi anayetunza chachu ya mkate hajifunzi kazi ngeni. Anaifanya kazi ya nkambo yake katika chombo kingine.

Jinsi ya kuianzisha

Twaa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyooshwa kwa maji ya moto. Tia vijiko vinne vya unga na vijiko viwili vya maji, koroga, funika kwa kitambaa au kwa kifuniko kisichokazwa. Usikaze kamwe, maana hewa ikikosa njia chupa yaweza kupasuka. Unga wa ngano usiokobolewa ni bora kuliko mweupe kwa kuanzia, kwa kuwa viumbe wengi hukaa katika pumba. Ukikosa, changanya unga mweupe na kijiko kimoja cha unga wa ulezi au mtama.

Kila siku, saa ile ile, bakiza kijiko kimoja kikubwa cha chachu, ukaongeze vijiko viwili vya maji na vinne vya unga. Mengine yote ondoa.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nasi tulikata. Siku ya pili mapovu huja kwa wingi, chupa hufura, mwenye nyumba hufurahi na kuwaita majirani. Siku ya tatu au ya nne kila kitu hunyamaza. Hakuna povu, hakuna kupanda, harufu ni kama ya soksi. Mtu husema, “Nimeiua.” Lakini hakuua kitu. Wale waliofanya mapovu ya kwanza walikuwa bakteria wengine, wageni wenye haraka, ambao ukali ulipozidi walishindwa kuishi. Nafasi yao yachukuliwa polepole na wale tunaowataka. Endelea kulisha. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chachu huanza kupanda yenyewe na kushuka kwa saa zinazojulikana, na harufu yake hugeuka kuwa ya maziwa ya mgando na matunda yaliyoiva sana. Hapo ndipo imekuwa chachu. Fungia chupa uzi au mpira mahali unga ulipofika baada ya kulisha. Ikipanda hata maradufu kwa muda wa saa nne hadi nane, yatosha kuoka.

Twarudia neno la kuondoa, kwa sababu linawauma watu wenye uchumi mwema. Kumwaga unga! Lakini mtu asiyeondoa hujikuta baada ya juma na ndoo nzima, nayo yadai unga kila siku kuliko watoto wake. Dawa ni kuweka chachu kidogo sana, kijiko kimoja au viwili, siyo chupa tele. Na kinachoondolewa, chachu ikiisha kukomaa, si taka: kitie katika unga wa chapati, au katika ile mikate midogo ikaangwayo kwa mafuta, ambayo watoto huinunua njiani waendapo shuleni. Sisi twaona chapati za namna hiyo ni tamu kuliko za kawaida, ingawa wako nyumbani kwetu wanaobisha.

Majira mawili, malezi mawili

Vitabu vingi vya mambo haya vimeandikwa na watu wa nchi nyingine, navyo husema tu, “Iweke mahali penye joto la kawaida la nyumba.” Joto la kawaida la nyumba ya nani? Chachu hupenda digrii 24 hadi 28. Kwetu mwezi wa sita na wa saba usiku wa nyumba ya matofali huwa baridi sana, na mwezi wa kumi, kabla mvua haijashuka, joto la mchana hupita 30. Chachu ile ile, katika chupa ile ile, yataka malezi tofauti.

Wakati wa baridi, bakiza vijiko viwili vya chachu badala ya kimoja, na maji yawe ya vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Yakiunguza kidole yataua. Funga chupa kwa nguo, uiweke ndani ya kapu au sanduku karibu na jiko, siyo juu yake. Usiilishe tena mpaka iwe imepanda, hata kama saa ishirini na nne zimepita, maana ukiilisha kabla hujaiona ikifanya kazi waizimua tu.

Wakati wa joto mambo hugeuka. Hupanda na kushuka kwa saa nne au tano, na ifikapo jioni imeishiwa chakula. Dalili za njaa ni hizi: maji meusi juu, harufu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na ujiuji kulegea hata ukawa kama maji. Hapo bakiza kichache zaidi, nusu ya kijiko, uongeze unga kuliko maji hata iwe donge zito. Donge zito huchacha polepole. Wenye friji huiweka humo na kuilisha mara moja kwa juma, nayo huvumilia. Lakini umeme wetu twaujua. Friji inayozimika siku mbili na kuwaka siku moja si mahali pa kutegemea, afadhali kapu na desturi njema.

Jambo la maji. Maji ya bomba ya REGIDESO hutiwa klorini ili kuua vijidudu, nayo klorini haichagui kijidudu kiovu na chema. Yaweke usiku kucha katika chombo kipana kisichofunikwa ila kwa kitambaa, ndipo uyatumie. Maji ya kisima yachemshwe kwanza, yapoe. Mji wetu waijua kipindupindu, na hapa hatuna mzaha. Mkate huokwa, moto humaliza kazi. Lakini munkoyo hainywewi baada ya kupikwa tena. Maji machafu yakiongezwa humo baada ya uji kupoa, uchachu hauwezi kuaminiwa kwamba utasafisha kila kitu.

Uchachu hauponyi unga ulioharibika

Tumesikia watu wakisema kwamba unga ulioota ukungu waweza kutiwa katika chachu, kwa kuwa “ukali utaua.” Twaomba neno hili lisisemwe tena katika nyumba zetu. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu utoao sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula ugali, chakula chao cha kila siku, kama sisi tulavyo bukari. Kuusonga motoni hakukuwaokoa, wala uchachu si kinga ya kutegemea. Unga wenye harufu ya ukungu usilishe chachu, usilishe mtoto, usilishe kuku.

Na chachu yenyewe? Maji meusi ni njaa, usiogope. Lakini ukiona manyoya ya ukungu juu yake, au michirizi ya rangi ya waridi au ya machungwa, tupa yote, chupa uichemshe. Usijaribu kukwangua juu na kubakiza chini. Ndiyo maana mwenye busara hukausha akiba, kama tutakavyoeleza.

Kinyume chake, unga mzuri ukichachushwa kwa usafi ni msaada kwa watoto. Mwaka 1994 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa Tanzania, ambako watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa walionekana kuugua kuhara kwa uchache kuliko waliopewa uji usiochachushwa. Hilo halichukui nafasi ya maziwa ya mama wala ya kunawa mikono, ila lawapa heshima nkambo zetu, ambao walipewa majina ya washenzi kwa sababu ya vibuyu vyao vyenye harufu kali.

Kuoka penye mbabula

Kwa mkate mmoja wa nyumba: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 325, chachu iliyopanda gramu 100, chumvi gramu 10. Asiye na mizani na aazime kwa muuza duka mara moja, apime kwa kikombe chake, aweke alama. Unga wa mahindi peke yake hautainuka, hata chachu ikiwa hodari namna gani, kwa kuwa hauna ule mvuto wa ngano uishikao hewa. Lakini sehemu moja ya mahindi kwa nne za ngano hutoa mkate mwema.

Changanya, pumzisha nusu saa, kanda kidogo, kisha liache donge lipande. Mwezi wa kumi saa nne zatosha. Mwezi wa saba huenda likataka usiku mzima, nalo halikosei. Mwokaji ndiye mwenye haraka. Usitazame saa, tazama donge: liwe limeongezeka nusu yake au zaidi, lenye kutikisika kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Liviringe, lipumzishe tena saa moja au mbili. Twaa sufuria nzito yenye kifuniko, uipashe moto, upake mafuta, tia donge. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Makaa mengi chini ni kosa la kila anayeanza. Mkate wetu wa kwanza ulikuwa mweusi kama barabara upande mmoja na mbichi upande wa pili, na watoto waliula kwa adabu tu. Baada ya dakika 45 hadi saa moja ugonge chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva. Usiukate ungali moto.

Twaulizwa kama chachu ya zamani ni bora kuliko mpya. Wako watu wajivunao kwa chachu ya miaka mia. Huko Ubelgiji, katika mji wa St. Vith, mwaka 2013 ilifunguliwa hata maktaba ya chachu, ambamo vyupa vya nchi nyingi vyahifadhiwa katika baridi kama vitabu. Ni jambo la kupendeza. Lakini viumbe walio katika chupa leo ni wale uliowalisha juma hili, kwa unga huu na katika joto hili. Chachu ya miezi mitatu iliyolishwa vema huinua mkate sawa na ya bibi yake bibi. Wayahudi huondoa chachu yote nyumbani kila Pasaka yao, na mikate yao haijapungua uzuri.

Akiba katika bahasha

Yule mama wa Katuba hakutaka kupatwa tena na hofu ya asubuhi ile. Yaya alimfundisha kukausha. Chachu iliyopanda vizuri hupakwa nyembamba sana juu ya karatasi safi ya kuokea, huwekwa kivulini penye upepo, chini ya chandarua ili nzi wasiitue, mpaka ikauke kabisa na kuvunjika kama ganda la yai. Kiangazi chetu, kinachokausha hata midomo ya watu, hufanya kazi hiyo kwa siku moja au mbili. Vipande husagwa, hutiwa katika chupa kavu yenye kifuniko, nayo hudumu miezi mingi bila friji wala kulishwa.

Mwezi wa nane binti yake aliyeolewa Likasi aliomba chachu. Mama alitia vijiko viwili vya vipande vile katika bahasha, akampa dereva wa basi, na juu yake akaandika: kijiko kimoja, maji ya vuguvugu vijiko viwili, ngoja kilainike, kisha unga vijiko viwili, lisha kila siku, usiiache dirishani. Siku ya nne simu ikalia. Chachu ilikuwa imepanda hadi kwenye uzi. Binti alikuwa na neno moja zaidi: mama amtumie na sufuria.